Nani hasa aliiokoa picha ya Washington Ikulu ilipochomwa 1814: Dolley Madison au watu wake wa nyumbani?

#1 KaraniMstaafu

Wanajamvi, salaam.

Mjukuu wangu alipewa kazi ya shule aandike ukurasa mmoja kuhusu mwanamke wa zamani aliyeacha alama. Akamchagua Dolley Madison, mke wa rais wa nne wa Marekani, James Madison. Nikakaa naye tukasoma, na sasa mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni hii. Tarehe 24 Agosti 1814 Waingereza waliwapiga Wamarekani pale Bladensburg, wakaingia mji wa Washington, wakaichoma Ikulu. Mumewe alikuwa nje na majeshi. Bibi akabaki nyumbani mpaka dakika za mwisho, na kabla ya kukimbia akaiokoa picha kubwa ya George Washington iliyochorwa na Gilbert Stuart. Kuna vitabu vya watoto vinavyomchora ana kisu mkononi, anaikata picha kutoka kwenye fremu.

Halafu nikakutana na maneno ya Paul Jennings. Huyu alikuwa mtumwa wa akina Madison, kijana wa miaka 15 siku ile, na alikuwemo ndani ya nyumba. Mwaka 1865 kumbukumbu zake zilichapishwa, na humo anasema waziwazi kwamba habari hiyo ni uongo mtupu. Bibi hakuwa na muda. Picha ilikuwa juu, ilihitaji ngazi. Alichobeba ni vitu vya fedha alivyoweza kuvitia kwenye kipochi chake. Walioishusha ni bawabu Mfaransa, Jean Pierre Sioussat, na mtunza bustani aliyeitwa Magraw.

Msimamo wangu: sifa hii amepewa mtu asiye wake. Naomba wajuzi mnisaidie au mnikosoe.

#2 MbongoMaryland

Asante kwa uzi, mzee. Bladensburg napita kila siku nikienda kazini, haizidi dakika ishirini kwa gari mpaka mjini kama hakuna foleni. Ukipita pale ndipo unaelewa kwa nini hawakuwa na muda. Jeshi likishavunjika, njia ni nyeupe mpaka mlangoni kwa rais.

Jambo moja tusilisahau: Waingereza walikuwa wanalipa kisasi. Mwaka uliotangulia Wamarekani walichoma majengo ya serikali kule York, mji ambao leo ni Toronto.

#3 BintiForodhani

Shikamoo Karani. Lakini hapo sikuungi mkono. Kwani kuokoa kitu lazima upande ngazi mwenyewe? Nyumba inaungua, aliyesema "hiyo picha isibaki" ni nani? Kama asingesema, bawabu na mtunza bustani wangechukua vyombo vya fedha wakaenda zao. Amri nayo ni kazi.

#4 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Ngoja niweke sawa, maana hapa watu wengi huteleza.

Dolley mwenyewe hakuwahi kusema aliikata picha. Tuna barua yake kwa dada yake Lucy, imeanzwa tarehe 23 Agosti na kuendelea kesho yake. Anasema tangu jua lichomoze anazungusha darubini kila upande akimtafuta mumewe. Anasema rafiki yao Carroll amekuja kumharakisha na amemkasirikia, kwa sababu yeye hataki kuondoka mpaka picha ile iwe salama. Fremu ilikuwa imekazwa ukutani kwa skrubu, kuzifungua kunachukua muda, basi akaamuru ivunjwe na turubai litolewe. Mabwana wawili wa New York wakakabidhiwa wakaenda nayo.

Kwa hiyo barua inasema AMEAMURU. Jennings anasema WAMESHUSHA akina Sioussat. Hazigongani. Zinagongana na vile vitabu vya watoto.

#5 KaraniMstaafu

Nakushukuru Mpekuzi. Lakini Jennings anasema pia hakuwa na muda. Na hamtaji popote akitoa amri ya picha.

#6 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Sawa, na mimi nikuongezee kuni. Barua ile ya asili haipo. Tulichonacho ni nakala aliyoitoa Dolley mwenyewe miaka ya 1830, kama miaka ishirini baada ya moto, wakati habari za maisha yake zilipokuwa zinaandaliwa zichapishwe. Sisemi aliibuni. Nasema mtu anayenakili barua yake ya zamani akijua nchi nzima itaisoma, kalamu yake haitulii. Ukiisoma utaona inavyopanda: darubini, mizinga inasikika, rafiki kakasirika, fremu inavunjwa, imekwisha! Ni barua iliyojua inasomwa.

#7 Mzalia_wa_Tanga

Nimekaa pale nasubiri. Tiririkeni.

#8 Fundi_Selemara

Naongea kama fundi. Picha yenyewe ni kubwa, urefu wake ni kama futi nane na upana futi tano. Ikiwa imekazwa kwa skrubu ukutani, mtu mmoja hawezi kuishusha hata akiwa na nguvu za trekta. Unahitaji ngazi, mtu wa kushikilia chini, na mtu wa kupasua fremu bila kuigusa turubai. Turubai lilikuwa limevutwa kwenye fremu nyingine nyembamba ya ndani, ndiyo maana lilitoka zima. Ukilikata kwa kisu rangi inapasuka kwenye mikunjo. Aliyeifanya kazi ile mkono wake ulikuwa mtulivu, huku mizinga inalia. Mimi ningependa kumjua huyo kuliko aliyetoa amri.

#9 BintiForodhani

Fundi, hapo umenigusa. Lakini bado nasema na aliyetoa amri alibaki ndani ya nyumba huku askari waliowekwa kumlinda wameshakimbia. Askari mia! Yeye alibaki.

#10 MamaNtilie_Ubungo

Mimi historia ya Marekani siijui, ila hili nalijua.

Mama yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya bwana mkubwa mmoja, miaka ya themanini, simtaji. Binti wa nyumba ile alipoolewa, mama alikaa jikoni siku tatu. Pilau la watu mia tatu kwenye masufuria ya kukodi, kuni mbichi, moshi, macho mekundu. Siku yenyewe mgeni rasmi akasimama akamshukuru mama mwenye nyumba "kwa mkono wake mtamu". Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa anachungulia kwenye dirisha la jikoni, mikono imejaa masizi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama naye. Nilimwangalia usoni kuona kama atasema neno. Hakusema. Usiku tukirudi nikamuuliza, akaniambia, "Mchele si alinunua yeye?"

Mpaka leo sijui alikuwa anamaanisha nini.

#11 KaraniMstaafu

Mama Ntilie, Mungu amrehemu mama yako kama ametangulia, na ampe umri kama yupo.

Umenikumbusha kitu kingine kwa Jennings. Siku ile bibi aliagiza chakula kiwe tayari saa tisa alasiri kama kawaida, maana mawaziri na wanajeshi walitarajiwa. Jennings ndiye aliyeandaa meza kwa mikono yake, akaleta bia, sida ya matofaa na mvinyo akaviweka kwenye vyombo vya kupozea. Ghafla James Smith, mtu mweusi huru, akaja mbio juu ya farasi anapunga kofia, anapiga kelele watu watoke, jeshi limeamriwa kurudi nyuma. Nyumba ikapinduka. Jioni Waingereza wakaingia wakakuta meza imeandaliwa, wakakaa wakala kile chakula, wakanywa ule mvinyo. Ndipo wakachoma nyumba.

#12 Kobe_la_Pemba

Walichokonoa meno kwenye meza ya watu halafu wakaichoma! Hao hawakufundwa.

#13 Mwana_Kaimosi

Habari zenu kutoka Kenya Magharibi. Kuna kitu hamjakitaja. Dolley alizaliwa kwenye familia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, tarehe 20 Mei 1768 kule North Carolina, akakulia Virginia. Huku kwetu dini hiyo tunaijua, misheni yao ilifika Kaimosi mwaka 1902 na bibi yangu alibatizwa huko.

Baba yake, John Payne, aliwaacha huru watumwa wake wote mwaka 1783 kwa ajili ya imani, akahamia Philadelphia na familia. Akaanza biashara ya wanga wa kunyooshea nguo, ikaanguka mwaka 1789. Kwa sababu ya deni kanisa likamtenga. Alikufa 1792 akiwa mtu aliyevunjika. Mama mtu akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili watoto wale.

Kwa hiyo huyu ni msichana ambaye baba yake alifilisika miaka michache baada ya kuwaacha watu huru, halafu yeye akaja kuolewa na mwenye watumwa. Mimi nadhani funguo ya maisha yake iko hapo, si kwenye picha.

#14 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Rekebisho dogo kwa Mwana_Kaimosi, bandiko zuri sana: Waquaker wengi hawabatizi kwa maji, kwa hiyo huenda bibi yako alipokelewa tu. Sina nia ya kuleta ubishi.

#15 Mwana_Kaimosi

Ni kweli kabisa, nimetumia neno la mazoea. Alipokelewa. Asante.

#16 Nesi_wa_Zamu

Kabla ya Madison alikuwa na mume mwingine, msimpite. John Todd, mwanasheria, Mquaker mwenzake, walioana Januari 1790. Wakapata watoto wawili wa kiume. Mwaka 1793 homa ya manjano ikaingia Philadelphia, ikaua kama watu elfu tano kwenye mji wa watu elfu hamsini hivi. Tarehe 24 Oktoba akafiwa na mume na mtoto mchanga, siku moja. Miaka 25, mjane, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mkononi.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Nimemwona mwanamke akipokea habari mbili kwa siku moja. Mtu huyo anaporudi kucheka hadharani, kicheko chake ni cha mtu aliyeamua. Watu waliomwandika Dolley wanasema alikuwa mchangamfu kuliko wote mjini. Nikisoma hivyo namwona yule wa Oktoba.

Mwaka uliofuata Aaron Burr akamtambulisha kwa Madison, mbunge, mkubwa kwake kwa miaka 17. Septemba 1794 wakaoana, na kwa kuwa bwana hakuwa Mquaker, kanisa likamtenga na yeye kama lilivyomtenga baba yake.

#17 Mchambuzi_Siasa

Wakuu, picha imewameza. Nguvu ya mama huyu ilikuwa sebuleni.

Washington ya mwaka 1810 ilikuwa na watu elfu nane na kidogo. Tope, vichaka, majengo nusu. Wabunge wengi waliacha familia zao nyumbani, wakalala kwenye nyumba za kupanga, kila kundi na nyumba yake, mezani wanakula na watu wa chama chao tu. Bungeni wanatukanana, jioni hawana pa kukutana. Mumewe alipoingia madarakani Machi 1809, Dolley akaanzisha mikusanyiko ya kila Jumatano usiku. Hakuna kadi ya mwaliko kwa mtu anayefahamika. Mfederali wa upinzani anakuja, Mrepublican wa chama cha Madison anakuja, balozi anakuja. Watu walikuwa wanabanana mpaka mikusanyiko yenyewe ikaitwa mbanano.

Pale ndipo alipofanya kazi. Anapita na kisanduku chake cha ugoro, anamkaribisha hasimu wa mumewe anuse, wanapiga chafya pamoja, wanaanza kuongea. Mumewe alikuwa mtu mfupi, mkimya, sauti haisikiki vizuri. Yeye alikuwa anajua jina la kila mtu na nani ana mtoto mgonjwa. Charles Cotesworth Pinckney, aliyeshindwa na Madison kwenye uchaguzi wa 1808, anasemekana alisema kwamba alishindwa na bwana na bibi Madison kwa pamoja, na kwamba angekabiliana na bwana peke yake angekuwa na nafasi nzuri zaidi.

#18 Kobe_la_Pemba

Ugoro! Mke wa rais ananusa ugoro hadharani? Bibi yangu Wete angempenda huyu.

#19 BintiForodhani

Na kilemba! Picha zake nyingi amefunga kilemba kichwani, vingine vina manyoya ya ndege. Ilikuwa mitindo ya Ulaya wakati ule, lakini yeye alikifanya kikawa alama yake. Ukumbini mtu akitaka kujua bibi yuko wapi anatafuta manyoya yanapopita juu ya vichwa.

#20 Mzalia_wa_Tanga

Na wanasema ndiye aliyeanzisha asikirimu Ikulu.

#21 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Hapana, hiyo hadithi ifutwe. Jefferson, rais aliyemtangulia Madison, alikuwa anawapa wageni asikirimu kabla yake. Dolley aliipenda na kuiandaa kwenye hafla kubwa, basi watu wakamwandikia.

#22 Mchambuzi_Siasa

Na tusisahau uzoefu wake ulianzia kwa Jefferson. Jefferson alikuwa mjane, Madison waziri wake wa mambo ya nje, kwa hiyo Dolley alikuwa anasaidia kupokea wageni. Desemba 1803 kwenye chakula cha kumkaribisha balozi wa Uingereza, Jefferson alimshika mkono Dolley kumpeleka mezani badala ya mke wa balozi. Ikawa kesi ya mataifa mawili. Alijifunza mapema kwamba mahali mtu anapokaa mezani kunaweza kuleta ugomvi kuliko mkataba.

#23 Karafuu_Kavu

Kutoka Unguja. Bibi huyu alikuwa hai wakati Edmund Roberts alipokuja kwa Sayyid Said mwaka 1833 kutia saini mkataba wa biashara na Marekani, na alikuwa hai pia jahazi la Sayyid, Sultana, lilipotia nanga New York mwaka 1840. Nguo tuliyoiita merikani ilianza kujaa kwetu miaka hiyo. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa nchi ya akina Madison, kitambaa kikaletwa kwetu, na huku nako kikanunulia watumwa. Kwa hiyo tukimzungumzia Jennings tusidhani tunazungumzia watu wa mbali.

#24 KaraniMstaafu

Karafuu, neno zito hilo, nimeliandika pembeni. Ila shamba la akina Madison, Montpelier, lilikuwa la tumbaku na ngano, si pamba. Watumwa walikuwa kama mia moja.

#25 Karafuu_Kavu

Sawa, nimesahihishwa. Kwa hiyo hata ugoro wa kwenye kile kisanduku ulikuwa na jasho la mtu.

#26 Mwl_Mkongwe

Samahani wote, lakini kama tunataka ushawishi, kwa nini Dolley? Abigail Adams, mke wa John Adams aliyekuja kuwa rais wa pili, alimwandikia mumewe tarehe 31 Machi 1776 awakumbuke wanawake wanapotunga sheria mpya. Huyo alikuwa na fikra. Dolley alikuwa na karamu.

#27 Mchambuzi_Siasa

Mwalimu, Abigail aliandika na mumewe akamjibu kwa kucheka. Dolley hakuandika hoja yoyote ya namna hiyo, lakini watu walitoka sebuleni kwake wamebadili msimamo. Tupime ushawishi kwa nini?

#28 MbongoMaryland

Niwaunganishe hao wawili. Abigail ndiye wa kwanza kuishi Ikulu, aliingia Novemba 1800 nyumba haijakwisha, akawa anaanika nguo kwenye ukumbi mkubwa wa mashariki. Picha ya Washington tunayoibishania leo inaning'inia kwenye ukumbi huohuo.

Na kuna kitu kwenye picha yenyewe. Chini ya meza vimechorwa vitabu, na kwenye mgongo wa kimoja neno "States" limekosewa, limeandikwa "Sates". Herufi moja imeanguka. Watu wanahatarisha maisha kuiokoa, na ina kosa la tahajia.

#29 Fundi_Selemara

Ndiyo maana naipenda kazi ya mkono.

#30 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Tukirudi kwenye swali la mzee. Hata enzi zao walibishana. Familia ya Carroll, yule rafiki aliyekasirika, ilidai baba yao ndiye aliyeiokoa. Februari 1848 Dolley, mwanamke wa karibu miaka 80, akamwandikia Robert DePeyster, mmoja wa wale mabwana wa New York, kuyakana madai hayo na kusema ni yeye aliyeagiza. Kwa hiyo tuna wadai wanne: bibi, Carroll, wale wa New York walioibeba, na bawabu na mtunza bustani ambao hawakudai chochote. Hao wa mwisho Jennings ndiye aliyewadaia.

#31 Nesi_wa_Zamu

Mwaka 1848 kwa nini aliona ni lazima kuandika? Mimi nadhani kwa sababu hakuwa amebaki na kitu kingine.

Madison alikufa tarehe 28 Juni 1836. Yule mtoto aliyeokoka homa, John Payne Todd, akawa mlevi na mcheza kamari. Madison alimlipia madeni ya maelfu kwa maelfu ya dola, mengine kwa siri ili mke asijue. Bwana alipokufa Todd akaendelea kula mali ya mama. Bunge lilimnunulia mama karatasi za mumewe kwa dola 30,000 mwaka 1837, zikayeyuka. Mwaka 1844 akauza Montpelier yenyewe. Awamu ya pili, 1848, Bunge lililipa dola 25,000, lakini safari hii 20,000 ziliwekwa chini ya wadhamini ili Todd asizifikie.

Shangazi yangu ana mtoto kama huyo. Kauza viwanja viwili, sasa anaulizia cha tatu. Tukimwambia shangazi aweke hati kwa mtu mwingine anasema, "Nitamnyimaje, yeye ndiye aliyebaki?" Kaka yake alifariki mdogo. Nikisoma habari za Dolley na Payne nasikia sauti ya shangazi.

#32 Mama_wa_Wawili

Pole, Nesi.

#33 KaraniMstaafu

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililoninyima usingizi.

Dolley aliweka kwenye wosia wa 1841 kwamba Jennings awe huru. Lakini hakusubiri kufa, mwaka 1846 akamuuza kwa dola 200. Aliyemnunua hakukaa naye sana, Seneta Daniel Webster akatoa dola 120 na Machi 1847 akamwacha huru kwa makubaliano kwamba atazilipa kwa kazi, dola 8 kwa mwezi.

Halafu Jennings mwenyewe anaeleza: bibi aliishiwa mpaka kukosa mahitaji ya lazima. Webster alikuwa anamtuma ampelekee kapu la sokoni limejaa vyakula, na Jennings mara nyingine alimpa bibi fedha kidogo kutoka mfukoni mwake.

Mfukoni mwake! Mwanamke aliyemuuza. Kwa nini?

#34 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Nyongeza ya hesabu. Jennings anasema alikuwa ameshajinunua kwake miaka mingi kabla. Tarehe zinakataa. Huru Machi 1847, na bibi alipata fedha za Bunge Mei 1848. Ni kama mwaka mmoja tu. Na dola 120 kwa dola 8 kwa mwezi ni miezi 15. Yaani kwa makubaliano yale, wakati anampa bibi hizo senti alikuwa bado anakatwa deni la uhuru wake.

#35 MamaNtilie_Ubungo

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, watu. Nimeisoma mara tatu.

#36 Mwana_Kaimosi

Alimsamehe. Mnaona ajabu kwa sababu hamjawahi kuona mtu aliyesamehe kweli. Na alisema mwenyewe kwamba bibi alipendwa na kila mtu mjini, weupe kwa weusi.

#37 Karafuu_Kavu

Au alikuwa anaandika akijua wasomaji ni Wazungu. Mtu mweusi aliyetaka kusikilizwa wakati ule alilazimika kuonekana mpole. Ukiangalia vizuri, ndani ya kitabu hichohicho cha upole ndimo alimoivunja hadithi ya picha. Aliwasifu, kisha akasema ukweli.

#38 Fundi_Selemara

Mimi naiona heshima yake mwenyewe. Ukimpa fedha mtu aliyekuwa anakumiliki, hakumiliki tena. Hakuna karatasi ya kortini inayoweza kusema hivyo.

#39 MbongoMaryland

Nina dhana nyingine. Aprili 1848, usiku, watu 77 waliokuwa watumwa walipanda merikebu iliyoitwa Pearl pale Washington, wakijaribu kutorokea kaskazini. Upepo ukawakatalia, wakakamatwa. Jennings anatajwa miongoni mwa waliosaidia kupanga safari ile. Na ndani ya Pearl alikuwemo Ellen Stewart, binti wa miaka 15, mtumwa wa nani? Wa Dolley Madison. Mama yake ni Sukey, yuleyule ambaye Jennings anamtaja siku ya moto, amejiegemeza dirishani James Smith anapokuja na farasi.

Sasa jiulize: mtu mwenye kapu la vyakula na senti mbili anaingia nyumba ya bibi mara kwa mara, hakuna anayemshuku. Anaongea na nani jikoni?

#40 Mpekuzi_wa_Nyaraka

Hiyo ni dhana, mkuu, na hakuna karatasi inayoithibitisha. Ila nakiri inakaa vizuri na tarehe.

#41 Mwana_Kaimosi

Kwa nini kila wema lazima uwe na hila nyuma yake?

#42 MbongoMaryland

Kumtorosha binti wa miaka 15 asiuzwe ni wema vilevile, ndugu yangu.

#43 BintiForodhani

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu nilianza nikimtetea. Bado nasema aliamuru picha ile na alikuwa jasiri. Lakini sasa namwona baba yake mwaka 1783 anawaacha watu huru, nyumba inafilisika, kanisa linamtenga. Na namwona binti yuleyule mwaka 1846 anasaini hati ya kumuuza Jennings kwa dola 200. Sijui alifikiria nini akishika kalamu. Labda alimkumbuka baba yake kama mfano wa kuogopwa.

#44 Mwl_Mkongwe

Wanafunzi huniuliza kama ni kweli neno la kumwita mke wa rais "mwanamke wa kwanza" lilianzia kwake. Husemwa kwamba Rais Zachary Taylor alimwita hivyo kwenye mazishi yake, Julai 1849. Maandishi ya hotuba hiyo hayajawahi kupatikana. Naendelea kuwaambia "husemwa".

#45 Mchambuzi_Siasa

Angalau mazishi yalikuwa makubwa, rais, mawaziri, wabunge. Na mwaka 1844 Baraza la Wawakilishi lilimpa kiti cha heshima ndani ya ukumbi. Mwaka huohuo Morse alipozindua telegrafu, alikuwa miongoni mwa raia wa mwanzo kabisa kutuma ujumbe, akampelekea salamu rafiki yake Baltimore. Wakati huo huenda nyumbani alikuwa hana cha kupika.

#46 Mzalia_wa_Tanga

Mzee Karani, mjukuu aliandika nini mwishowe?

#47 KaraniMstaafu

Ameandika ukurasa mmoja na nusu. Kaanza na Dolley na darubini yake. Katikati akaandika kwamba picha ilishushwa na Sioussat na Magraw kwa ngazi. Mwalimu amempa 17 kati ya 20, na pembeni ya jina la Magraw ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Mtoto ameniomba tutafute zaidi habari za Sukey. Mwenye chochote aweke hapa.